Bato royali ya watu wawili haipo, ndugu mhariri

Ndugu Mhariri,

Salamu kwanza. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, yaani nikishika gazeti naanzia ukurasa wa nyuma kabisa, michezo, alafu ndo narudi mbele kwenye habari za wakubwa, na barua hii naiandika kwa sababu nimevumilia mpaka nimechoka. Wiki iliyopita mmeandika kwa herufi kubwa kwamba pambano la mabondia wawili litakuwa "bato royali". Wawili! Siku mbili baadaye kurasa za mbele mkaandika wakurugenzi wawili wanaogombea kiti kimoja wako kwenye "Royal Rumble". Nikajisemea hizo zote ni mechi za mieleka za watu wengi kwa mpigo, hawa ndugu zangu hawajawahi kuiangalia hata moja, au waliiangalia huku wanachati.

Wawili wakipigana Kiswahili kina maneno tele. Kuna pambano, kuna ana kwa ana, kuna mafahali wawili hawakai zizi moja, ambao ungekaa vizuri kabisa kwenye hiyo habari ya wakurugenzi. Bato royali ni zizi moja mafahali thelathini na kila fahali kaja na lake. Msiseme ni tofauti ndogo, maana kila kinachoufanya mchezo ule uwe mtamu kinatokana na hiyo idadi.

Hebu niwaeleze kidogo. Kwenye mieleka ya kawaida ukitaka kushinda unambana mwenzio mabega chini refa anahesabu mpaka tatu, au unamkaba mpaka anapiga mkono chini kusalimu amri. Kwenye bato royali hayo yote hamna. Wanaingia ulingoni watu kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, kengele inalia, na njia ya kumtoa mtu ni moja tu, umrushe juu ya kamba ya juu kabisa mpaka miguu yake yote miwili iguse sakafu ya nje. Someni tena hapo, JUU ya kamba ya juu, na miguu MIWILI. Ukipenya katikati ya kamba ukaangukia nje bado umo. Ukivutwa chini ya kamba ya chini bado umo. Ndo maana huwa kuna mjanja mmoja anateleza chini ya kamba, anakaa zake nje anajishika mbavu eti ameumia, wenzake wanamalizana ndani, akirudi anakuta wamebaki watatu wanahema kama wametoka kulima.

Hiyo ya miguu miwili imeleta vituko mpaka basi. Mwaka 1995 kwenye Royal Rumble mwanamieleka Shawn Michaels alitupwa nje, akaning'inia kwenye kamba, mguu mmoja ukagusa chini na mwingine ukabaki hewani, huku British Bulldog, waliyebaki naye wawili tu, keshapanda kwenye kona ananyanyua mikono na muziki wake unapigwa, anajua kashinda. Michaels akarudi ndani kimyakimya akamsukuma kwa nyuma. Mwisho wa habari. Na Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, huyu mi namvulia kofia, mwaka 2012 alitupwa akatua kwa mikono, basi akatembea kwa mikono hivyohivyo kichwa chini miguu juu mpaka kwenye ngazi za chuma, akapanda akaingia tena. Sheria imesema miguu, mikono haijatajwa.

Ila kuna waliosahau wako kwenye mechi gani. Randy Savage, bingwa wa dunia wa zamani, mtu mzima na akili zake, mwaka 1993 walibaki yeye na Yokozuna tu. Akapanda kona akamrukia na kile kiwiko chake, alafu akamlalia ili refa ahesabu. Refa ahesabu nini sasa? Yokozuna palepale alipolala akamsukuma kwa nguvu, Savage akapaa juu ya kamba mpaka nje. Yaani katolewa na mtu aliyelala chali! Mpaka leo nikikumbuka nacheka mwenyewe, na nikisoma vichwa vya habari vyenu namkumbuka Savage, maana na nyie mnalalia mtu kwenye mechi isiyohesabiwa hivyo.

Alafu Royal Rumble ni aina mojawapo tu ya bato royali, sio jina lake la pili. Anayetajwa kuibuni ni Pat Patterson, mwanamieleka mkongwe ambaye baadaye alikuwa anapanga mechi. Ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni ilifanyika Hamilton huko Kanada tarehe 24 Januari 1988, watu 20, wakaanza Bret Hart na Tito Santana na mwisho akabaki Jim Duggan. Mwaka uliofuata wakaongeza wakawa 30 na hiyo ndo hesabu tuliyoizoea, ingawa 2011 walijaribu 40, na 2018 kule Jeddah wakajaza 50. Mwaka huohuo wa 2018 na wanawake wakapata ya kwao kwa mara ya kwanza, akashinda Asuka, na mi naona ilichelewa sana. Kinachoitofautisha ni kwamba bato royali ya kawaida wote mnaanza pamoja, ila hii wanaanza wawili, alafu kila baada ya dakika moja na nusu au mbili saa inatokea kwenye skrini ukumbi mzima unahesabu kumi, tisa, nane, mpaka king'ora kilie, muziki upigwe, na mwingine aje anakimbia. Na toka 1993 mshindi anapewa nafasi ya kugombea mkanda wa ubingwa kwenye WrestleMania, onyesho lao kubwa kuliko yote la mwaka, kwahiyo ni njia ya mkato kwa mtu ambaye pengine asingefika huko kwa foleni.

Watu wanadhani anayepata namba 30 ndo kalamba dume, anakuta wenzake hoi anawaokota tu. Sasa angalieni, namba 1 ilishashinda mwaka huo wa 1995 na huyo Michaels, lakini namba 30 ilisubiri mpaka 2007 alipokuja Undertaker. Na Rey Mysterio, yule mdogo wa kinyago, mwaka 2006 aliingia namba 2 akadumu dakika 62 akashinda. Upande wa pili yupo Santino Marella, mwaka 2009 kaingia, Kane kamrudisha nje, hata sekunde mbili hazikufika. Kavaa, kajipaka mafuta, katembea njia yote ile kwa mbwembwe, alafu sekunde mbili.

Najua saa hii kuna mtu anasoma anasema we mzee hiyo si maigizo tu. Ndio, mshindi amepangwa, nani asiyejua, msinifundishe. Lakini kupanga watu thelathini, kila mmoja akumbuke anatoka lini na anatolewa na nani na aangukie upande gani, wakati jasho linateleza na ukumbi unapiga kelele humsikii hata aliye mbele yako, hiyo ni kazi, na inakataa kupangika muda wowote. Mwaka 2005 Batista na John Cena walibaki wawili wakaangukia nje kwa pamoja, marefa wakaanza kubishana huyu kashinda, hapana yule. Vince McMahon mwenyewe, wakati huo bosi wa WWE, kampuni inayoandaa Royal Rumble, akaja kwa hasira anatembea kama kawaida yake, akachupa kuingia ulingoni, misuli ya mapaja yote mawili ikachanika. Akabaki amekaa chini kwenye ulingo anafoka akiwa amekaa, hawezi kusimama! Ikabidi wale wawili waendelee mpaka Batista akashinda. Na 1994 Bret Hart na Lex Luger walianguka pamoja vilevile, wakatangazwa washindi wote wawili.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho ndo kimenifanya nichukue kalamu. Utamu wa bato royali ni urafiki wa dakika mbili. Mkiwa wawili ulingoni adui unamjua, yuko mbele yako, basi. Mkiwa thelathini humjui, unamkaba huyu wakati yule anakuja kwa nyuma, na unayemwamini ni yule ambaye kwa dakika hiyo kuna mtu mwingine anamwogopa kuliko anavyokuogopa wewe. Angalia likiingia jitu. Enzi za Andre the Giant, mtu wa zaidi ya mita mbili na uzito wa kutisha, yeye ndo alikuwa mfalme wa hizi mechi miaka ya sabini na themanini, na 1986 karibu na Chicago kwenye WrestleMania ya pili walimchanganya na wanamieleka wenzake pamoja na wacheza futiboli ya Kimarekani, akawatoa akabaki yeye. Mpaka kuna bato royali ya kila mwaka iliyoanzishwa 2014 kwa jina lake. Jitu la namna hiyo likiingia, watu waliokuwa wanakabana makoo wanaachana, wanatazamana, wanaliendea wote kwa pamoja, huyu kashika mguu, huyu kiuno, wanasukuma. Likishaanguka tu, yule uliyekuwa unasukuma naye bega kwa bega ndo wa kwanza kukushika mguu wako. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapo tena mmevaa chupi tu.

Na hata aliyetolewa hajaisha. Mwaka 1992 mkanda wa dunia ulikuwa hauna mwenyewe ikatangazwa atakayeshinda Royal Rumble ndo bingwa. Ric Flair akaingia namba 3, mapema mno, kila mtu anajua hafiki. Akakaa humo kama saa nzima, anapigwa, anaanguka, anajifanya amekufa, anainuka. Mwisho wakabaki Flair, Hulk Hogan na Sid. Sid akamtoa Hogan, kihalali kabisa, maana ni kila mtu kivyake. Hogan badala aende zake akabaki pale nje kamshika Sid mkono analalamika, na wakati wanavutana mkono Flair akaja kwa nyuma akamnyanyua Sid akamtupa. Kwahiyo bingwa wa dunia alipatikana kwa mkono wa mtu ambaye hayumo tena kwenye mechi.

Hapo sasa, ndugu mhariri, ndo mngekuwa na haki ya kulileta hilo neno kwenye siasa! Uchaguzi wa ndani ya chama wenye wagombea kumi na mbili, wanaungana kumwangusha mkubwa, aliyeanguka anabaki nje kamshika mkono mmoja wao, na anayeshinda ni yule aliyekuwa kimya kwenye kona. Hiyo ni bato royali, andikeni hata kila siku sitalalamika. Au makampuni sita yanagombea zabuni moja, au wadogo wote wa familia wakigombea remoti. Lakini wakurugenzi wawili? Nani anamgeuka nani hapo?

Niliwahi kumweleza haya yote mpwa wangu, kijana wa sekondari, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Anko, kwani hao wa mieleka nao wameiga Free Fire?" Nilitaka kuzimia. Ila baadaye nikatulia nikaona sio kosa lake, kizazi chake neno kimelikuta kwenye simu. Kwa wasiojua, hayo ni magemu ambayo mnashushwa na miavuli kwenye kisiwa au pori fulani, PUBG inabeba watu mpaka 100, hiyo Free Fire yake 50, mnaokota silaha, na anayebaki wa mwisho ndo mshindi. PUBG ilitoka 2017, kaitengeneza Brendan Greene, mtu wa Ireland, na wazo lake alilitoa kwenye filamu ya Kijapani ya mwaka 2000 inayoitwa Battle Royale, wanafunzi 42 wa darasa moja wanapelekwa kisiwani wauane mpaka abaki mmoja. Filamu nayo ilitokana na riwaya ya jina hilohilo ya Koushun Takami ya 1999. Na Takami jina alilitoa wapi? Kwenye mieleka! Nikamwambia mpwa wangu, umeona, hilo neno limetoka ulingoni kwetu likapita kitabuni likapita kwenye sinema ndo likaingia kwenye simu yako, kwahiyo nyie ndo wajukuu. Akasema sawa anko, akaendelea kucheza.

Lakini nilikaa pembeni yake nikamwangalia anavyocheza na kuna kitu kikanipendeza. Kwenye gemu eneo linabanwa, kuna duara linasinyaa kila baada ya muda na ukibaki nje yake unakufa, kwahiyo hata mjificha-vichakani anasukumwa katikati akutane na wenzake. Kwenye Royal Rumble ulingo haupungui, uko palepale, ila watu ndo wanaongezeka. Njia mbili tofauti kabisa, shida ileile, mnyime mtu pa kujificha. Na yule mjanja wa chini ya kamba niliyemtaja nimemkuta na huko, kalala kwenye nyasi. Sipendi tu ile ya kucheza vikosi vya watu wannewanne, maana mkiwa na timu mnayoaminiana mpaka mwisho, patamu pameondoka. Mpwa wangu anasema ndo patamu penyewe. Tumekubaliana kutokubaliana.

Na kabla ya mieleka? Huko nyuma hakufurahishi. Neno lenyewe, "battle royal", ni la zamani Uingereza, karne ya 17 lilikuwa tayari linatumika, na lilikaa sana kwenye kupiganisha majogoo, unamwaga majogoo mengi kwenye shimo moja yanakatana mpaka libaki moja. Kutoka kwa jogoo likahamia kwa binadamu. Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, vijana weusi walikuwa wanaingizwa ulingoni kundi zima, mara nyingi wamefungwa vitambaa machoni, wanarushiana ngumi hawaoni wanampiga nani, na watazamaji wazungu wamekaa pembeni wanacheka na kuwarushia sarafu. Hiyo ilikuwa inawekwa kama kichekesho kabla ya mapambano yenyewe. Jack Johnson, ambaye mwaka 1908 kule Sydney alimpiga Tommy Burns akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipitia humo. Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi toka 1902, naye alipitia humohumo. Ukifikiria wangapi walipitia wasifike popote, wakarudi nyumbani na sarafu mbili na jicho limevimba, unapungukiwa hamu ya kutania.

Mwandishi wa Marekani Ralph Ellison aliiandika hiyo kwenye sura ya kwanza ya riwaya yake ya 1952, Invisible Man, kijana msomi kaalikwa kutoa hotuba mbele ya wakubwa wa mji, anafika anaambiwa kwanza vaa glovu. Anapigana na wenzake kafungwa macho, alafu wanaambiwa waokote pesa kwenye zulia, kumbe zulia lina umeme. Na zile sarafu za dhahabu alizogombania kumbe zilikuwa feki. Hotuba anakuja kuitoa huku anameza damu. Mi nilipoisoma niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Nimeitaja hapa kwa sababu gazeti lenu linalitumia hili neno kama pilipili ya kukolezea kichwa cha habari, sio mbaya, ila lina uzito wake mjue mnachokishika.

La mwisho ni tafsiri. Kuna siku mmeandika "vita vya kifalme" nikabaki natafuta mfalme habari nzima simwoni. Hamna mfalme jamani. Hilo "royal" linabeba ukubwa, kitu kabambe, kitu cha kufa mtu. Na kwa mara moja Mwingereza kaongea kama sisi, kaweka jina mbele sifa nyuma, mpaka kwenye wingi anasema "battles royal", anaongeza herufi kwenye vita sio kwenye ufalme. Kama mnataka Kiswahili basi patashika ipo, mshikemshike upo, vurumai ipo, piga nikupige ipo. Mi ningechagua patashika, maana kweli mle ndani ni kushikana. Na kama mnaona haitoshi andikeni tu bato royali kama tunavyotamka, neno bato vijana wa muziki wamelitumia mpaka limekuwa letu, hamna atakayeuliza.

Ombi dogo la kumalizia. Jumamosi kwenye ile habari yenu ya mieleka mmeandika kwamba yule jamaa "alitolewa baada ya kupenya katikati ya kamba na kuangukia nje". Naomba mrekebishe toleo lijalo. Aliyepenya katikati ya kamba bado yumo.

Ni mimi,
Shabiki wa siku nyingi